Betri ya Kamera ya Filamu Inaisha Bure? Anza na Kifuniko

Mpwa wangu alinijia barazani na ile Pentax K1000 niliyompa, uso ameukunja. "Mjomba, hii betri ya tatu tangu Ramadhani. Kamera imekufa."

Nikamuuliza huiweka wapi. Kumbe huitundika msumarini, mkabala na dirisha, lenzi wazi. Basi haikufa, haijapata kulala.

K1000, iliyoanza kuuzwa 1976, haina swichi ya kuzima. Kipimamwanga chake hufanya kazi wakati wote kinapoona mwanga. Gizani hunywa umeme kidogo mno, ni kama kimezimwa. Kwa hiyo swichi yako ni kifuniko cha lenzi, na kama umekipoteza, mfuko wa kitambaa kizito cheusi utafaa. Mwenye Nikon FM au FE atazame mkono wa kusogezea filamu: ukiwa umechomoza kidogo, kipimamwanga kiko macho. Usukume ulale kabisa.

Kabla ya kuitupa betri "iliyokufa", ipime kwa multimita, kile kifaa cha kupimia umeme. Ikisoma volti 1.5, betri ni nzima na huenda tatizo ni kutu kwenye bati inaloligusa. Na ukinunua, tafuta SR44, ile ya oksidi ya fedha. LR44, ile ya alkali inayouzwa kwa kadi pamoja na betri za saa, hushuka volti polepole na kipimo kinaweza kukudanganya. Tena huvuja. SR44 hushikilia volti 1.55 karibu hadi mwisho.

Mpwa wangu akafunika lenzi. Miezi miwili, betri kwisha tena. Hapo ndipo nilipoishuku chumvi, maana hapa Lamu hata bawaba za dirisha zinaliwa.

Kujua kama umeme unavuja, fungua kwa sarafu kile kifuniko cha betri kilicho chini ya kamera. Tia betri mpya, chanya ikitazama nje, lakini kwanza izungushie ubavuni utepe mwembamba wa selotepu. Wengi hulisahau hili: ubavu wa betri hizi nao ni chanya, ukigusa chuma cha kamera umeme unapita njia ya mkato na mita haioni kitu. Weka multimita kwenye mikroampea 2000. Ncha nyekundu iguse uso wa betri, nyeusi iguse hesi za tundu pale kifuniko kinapofungwa. Elekeza lenzi dirishani, namba ipande. Funika lenzi, ishuke karibu na sifuri.

Ya mpwa wangu iligoma kwenye 100, yaani miliampea 0.1. Inaonekana ndogo, lakini piga hesabu: betri ya miliampea-saa 150, ikivuja miliampea 0.1, inakwisha kwa saa 1,500. Siku sitini na mbili. Miezi yake miwili hiyo!

Nilimulika tochi ndani ya tundu nikaona ukoko wa kijani umetambaa kutoka bati la chini hadi ukutani. Kijiti cha pamba, tone moja la siki (moja tu, usimimine), nikasugua mpaka kijani kikatoka. Kijiti cha pili na spiriti, kuondoa siki. Kisha nikalipiga bati kwa raba ya penseli hadi likang'aa, na kamera ikalala ndani ya kopo pamoja na vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Asubuhi nikapima: 3. Kama yako haikushuka, huenda kutu imeingia kwenye waya unaotoka tundu hilo, na hapo ni kazi ya fundi mwenye kichomeo chembamba. Mimi mwenyewe siufungui mwili wa kamera kwa jambo hilo.

Betri ikikuishia katikati ya shughuli, usiache kupiga, kwani shata ya K1000, lile pazia linalopitisha mwanga, haihitaji umeme. Jua kali, filamu ya ASA 200: tundu la lenzi 16, shata 250 (1/250 ya sekunde). Kivulini fungua hadi 5.6. Siku ya mbio za punda za Maulidi mpwa wangu alipiga hivyo filamu nzima, kwa sababu kifuniko alikuwa amekisahau juu ya friji na betri ikamwishia.