Mbwa Anayejua Kusimama: Kuishi na Kufanya Kazi na Border Collie Shambani

Border Collie huzaliwa na nusu ya kazi yake tayari kichwani. Mtoto wa mbwa huyu mwenye miezi michache, ambaye hajafundishwa lolote, akionyeshwa kondoo kwa mara ya kwanza huinamisha kichwa, hushusha mkia, hunyata huku amewakazia macho, kisha hujaribu kuzunguka ili atokee upande wa pili wa kundi. Tabia hiyo ni ya mnyama mwindaji, na wachungaji wa vilima vya mpakani mwa Uingereza na Uskoti waliichuja kizazi baada ya kizazi hadi kukazia macho, kunyata na kuzingira vikabaki, huku kuuma na kuua kukififia. Mfugaji anayemnunua mbwa huyu, basi, hana haja ya kuhangaika kumfundisha kuwapenda kondoo. Kazi inayomkabili ni kumfundisha asimame wapi, aache lini na alale kimya saa ngapi, na kwa maoni yangu matatizo mengi ya wenye koli huanzia hapo: walitanguliza mbio, kusimama wakakuahirisha.

Kabla ya kununua, jiulize kama shamba lako lina kazi ya kumtosha. Mwenye kondoo kumi wanaofungwa kamba malishoni hamhitaji, na akimchukua kwa kupendezwa na sura yake atapata mnyama anayezunguka kuku, watoto na matairi ya magari kutwa nzima, kwa sababu lazima azingire kitu. Mwenye kondoo mia kadhaa kwenye malisho mapana yenye miinuko, kwa upande mwingine, hupata kwa mbwa mmoja mzuri msaada ambao vibarua watatu hawawezi kuutoa. Thamani hiyo huonekana hata sokoni: mwezi Februari 2021, katika mnada wa Dolgellau huko Welisi, jike aitwaye Kim, ambaye alikuwa hajatimiza vizuri mwaka mmoja, aliuzwa kwa pauni 27,100.

Si lazima ulipe fedha za namna hiyo, ila usinunue mtoto wa mbwa bila kuwaona wazazi wake wakifanya kazi. Chama cha kimataifa cha mbwa wa kondoo, kinachofahamika kwa herufi ISDS na kilichoanzishwa mwaka 1906, hutunza daftari la nasaba ambalo msingi wake ni uwezo wa kuchunga, na rangi au umbo la masikio halipewi uzito. Koli wa kazi wa leo karibu wote wana damu ya Old Hemp, dume aliyezaliwa mwaka 1893 kwa Adam Telfer wa Northumberland. Wazazi wake walitofautiana sana: baba, Roy, alikuwa mchangamfu na mpole, asiye na macho makali (yaani ule mkazo wa kuwatazama kondoo), mama, Meg, alikuwa mwoga kwa watu na mwenye macho makali kupita kiasi. Mtoto wao alichukua nguvu ya mama na utulivu wa baba, akawa anawasogeza kondoo kimyakimya bila kubweka wala kuwarukia. Mchanganyiko huo ndio wa kuutafuta. Mbwa mwenye macho makali mno huganda mbele ya kondoo akiwatazama na hasogei. Asiye nayo kabisa hukimbia huku na huko bila kushika lolote.

Omba pia kuona vyeti vya vipimo vya vinasaba. Kuna kasoro ya macho inayoitwa kwa jina la koli wenyewe, kuna ugonjwa unaozuia chembe nyeupe za damu kutoka kwenye uboho hata mtoto wa mbwa akafa kwa maambukizi madogo, na kuna ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaojitokeza mbwa akiwa amekwisha kukua. Zote tatu hurithiwa kwa namna moja: mbwa aliyepokea kasoro kutoka kwa mzazi mmoja tu huonekana mzima, lakini wawili wa aina hiyo wakipandishwa, kila mtoto wao ana uwezekano wa robo moja wa kuugua.

Miezi ya mwanzo ni ya kuishi pamoja, na kondoo hawamo. Mpe banda kavu lisilopenya upepo, lenye kitanda kilichoinuliwa kutoka sakafuni, na uamue tangu siku ya kwanza kwamba asipokuwa nawe yumo bandani, ndani ya nyumba, au amefungwa. Mtoto wa mbwa anayeachwa azurure shambani atajipa kazi mwenyewe. Atawafuata kondoo peke yake, na hapo hujifunza kwamba kundi ni mchezo wake usiokuhusu wewe. Vilevile usimruhusu kukimbiza baiskeli, trekta wala pikipiki ya magurudumu manne, hata kama inachekesha, kwa kuwa mbwa wengi wa shambani huumia au kufa chini ya magurudumu. Katika kipindi hiki mfundishe mambo matatu tu: jina lake, kuja anapoitwa, na kulala chini papo hapo anapoambiwa. Mfundishe nyumbani, kisha uani, kisha mahali penye vishawishi. Mfundishe pia kukaa bila kufanya chochote. Koli asiyezoeshwa kupumzika hujichosha kwa kutazama mlango, na mwenyewe akidhani mbwa anahitaji mazoezi zaidi humwongezea mbio, akajikuta amefuga mwanariadha asiyechoka na bado hajatulia.

Mafunzo ya kondoo huanza mbwa akiweza kuwapita kondoo kwa mbio, kwa kawaida kati ya miezi minane na mwaka mmoja, na akili yake ikiwa imekomaa kiasi cha kuvumilia kukatazwa. Anayeanzishwa mapema hukimbia nyuma ya kundi asilifikie, na huko nyuma ndiko anakojifunza kuuma miguu. Chagua kondoo watano hadi wanane waliokwisha kuzoea mbwa, wenye afya, wasio na mimba wala watoto, na uwaweke kwenye malisho madogo yenye uzio imara. Ukitumia uwanja mkubwa kundi litakwenda mbali na sauti yako haitafika, nao zizi dogo mno humnyima mbwa nafasi ya kuzunguka, akalazimika kupenya katikati.

Ingia naye akiwa kwenye kamba ndefu nyepesi inayoburuzika chini. Mwache azunguke, kisha utembee wewe. Utaona jambo ambalo ndilo msingi wa kila kitu: ukisogea upande mmoja, naye husogea upande wa pili, akitafuta kubaki mkabala nawe huku kundi likiwa katikati yenu. Mahali hapo ndipo anapohisi kwamba kondoo wamedhibitiwa, hivyo ndipo rahisi zaidi kumsimamisha. Subiri afike hapo, mwambie alale, na akilala usimwite atoke. Hesabu pumzi mbili au tatu, kisha mpe ruhusa ya kuendelea. Wengi hukosea hapa kwa kumsimamisha mbwa pale tu wanapotaka kumfunga na kwenda nyumbani, naye, kwa kuwa si mjinga, hutambua haraka kwamba kulala kunamaanisha kunyang'anywa kondoo. Tuzo ya kusimama iwe kondoo wenyewe. Mbwa anayejua kwamba akilala ataruhusiwa tena, hulala kwa hiari hata akiwa kwenye mlima wa mbali usikofika mkono wako.

Dakika kumi au kumi na tano zinatosha kwa kipindi kimoja mwanzoni. Fimbo uliyonayo ni ya kurefusha mkono, kumwelekeza atanue mzunguko wake anapolikaribia kundi mno, haipaswi kumgusa. Akimvamia kondoo na kumuuma, msimamishe kwa sauti kali, tembea kuelekea kwake mpaka arudi nyuma, kisha mwanzishe upya kwa utulivu. Chunguza pia sababu, kwani mbwa mchanga mara nyingi huuma kwa hofu, pale kondoo anapogeuka kumkabili naye hajui la kufanya. Huyo anahitaji kondoo wapole zaidi na mchungaji aliye karibu, wala adhabu haimsaidii.

Amri hupachikwa juu ya mwendo ambao mbwa tayari anaufanya. Wachungaji wa Uingereza husema "come bye" anapozunguka kundi kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa, "away" anapozunguka kinyume chake, "walk on" anaposogea moja kwa moja kuwaelekea kondoo, na "that'll do" anapotakiwa kuacha kazi na kurudi. Anayefundisha kwa Kiswahili atafaulu vilevile mradi maneno yasifanane kwa sauti. "Kushoto" na "kulia" huanza kwa silabi moja, na kwenye upepo mbwa hushika silabi ya kwanza tu. Baadaye kila amri hupewa mlio wake wa filimbi, maana filimbi hufika mbali na haibebi hasira ya mwenye kuipiga.

Akishaimudu hatua hiyo, anza kumtuma kutoka ubavuni mwako kuwafuata kondoo walio mita ishirini hivi, ukiongeza umbali polepole. Mzunguko mzuri hutanuka kadiri mbwa anavyokwenda, ukawa mpana kabisa nyuma ya kundi, ili kondoo wasishtuke kabla hajafika. Akifika nyuma yao asimame, kisha awainue kwa hatua za taratibu: sekunde hizo chache huamua kila kitu kinachofuata, kwa sababu kondoo walioinuliwa kwa pupa huja mbio hadi mwisho. Ukiona anakata njia ya mkato, usimpigie kelele kutoka mbali. Msimamishe, sogea umfukuze nje kidogo, na upunguze umbali kwa siku kadhaa. Kuwaswaga kondoo mbali nawe ni somo la mwisho na gumu kuliko yote, kwani linapingana na silika yake ya kukuletea. Tembea kando yake mwanzoni, mkiwa sambamba nyuma ya kundi, kisha ubaki nyuma hatua kwa hatua.

Kazi halisi hufuata majira. Katika vilima vya kaskazini mwa Uingereza, ambako kondoo wa Herdwick na Swaledale huishi juu mlimani kwa sehemu kubwa ya mwaka, mbwa huhitajika zaidi wakati wa kuwakusanya kwa ajili ya kukata manyoya, kuwaogesha na kuwatenga kwa madume. Wakati wa kuzaa, katika majira ya kuchipua, mbwa mchanga akae bandani. Kondoo aliyezaa jana humrukia mbwa kwa kichwa bila woga wowote, na mbwa anayepigwa hivyo akiwa bado anajifunza anaweza kupoteza ujasiri kwa muda mrefu. Mzee mtulivu pekee ndiye anayefaa hapo. Siku za joto fanya kazi alfajiri na umpe maji mara kwa mara. Mbwa huyu hatakuambia kwamba amechoka. Wapo hata koli ambao, baada ya dakika chache za kazi kali, huyumba na kuchanganyikiwa mpaka wapumzishwe. Ukiona dalili hiyo acha kazi mara moja na umwone daktari wa mifugo.

Chakula kikuu mpe baada ya kazi, akiwa ametulia, usimpe muda mfupi kabla ya mbio. Kagua nyayo na katikati ya vidole kila jioni, na kucha za kando ambazo hukwama kwenye majani makavu. Chanjo na dawa za kupe zifuate ratiba ya daktari, lakini jambo la minyoo linahitaji mkazo wa pekee. Usimpe mbwa nyama mbichi ya kondoo wala matumbo, na mizoga izikwe au iondolewe kabla hajaifikia, kwa kuwa minyoo tegu huzunguka kati ya mbwa na kondoo, na mmoja wao, ule mdogo unaosababisha vivimbe vya maji kwenye ini na mapafu, humwingia pia binadamu kupitia mayai yaliyomo kwenye kinyesi cha mbwa. Huko Powys kusini, Welisi, mpango ulioanza mwaka 1983 uliwapa mbwa wa mashambani dawa ya prazikwanteli kila baada ya wiki 6. Msomaji wa Kenya asidhani kwamba hilo ni jambo la mbali: Turkana imewahi kuwa na viwango vya ugonjwa huo kwa watu vilivyo miongoni mwa vya juu kabisa kurekodiwa duniani, na mbwa wa boma ndio kiungo. Osha mikono kabla ya kula, na usiwaruhusu watoto kulambwa usoni.

Koli hufikia miaka kumi na miwili na zaidi, lakini miguu na masikio hupungua kabla ya hapo. Mbwa wako akifika miaka sita hivi, anza kutafuta mrithi, ili yule mchanga apate mwaka mmoja au miwili ya kukua karibu na mkubwa aliye bado na nguvu. Usiwafundishe pamoja kwenye kundi moja, maana mdogo atamfuata mwenzake badala ya kukusikiliza. Mzee naye usimwondoe kazini kwa siku moja. Mwachie kondoo wa zizini, mageti ya kulinda na safari fupi, na umpunguzie chakula kadiri mwendo wake unavyopungua.