Kabla ya kuondolewa titi na kujengewa jipya siku hiyo hiyo

Dada yangu alipoambiwa titi litaondolewa kwa sababu ya saratani, na kwamba linaweza kujengwa jingine kabla hajazinduka kwenye nusu kaputi, aliuliza, "Litafanana?" Ni swali la haki kabisa. Lakini leo mwanamke akinijia na habari kama hiyo, namwomba atangulize jingine: baada ya upasuaji nitapigwa mionzi?

Jibu hilo huamua mengi. Titi lililojengwa kwa mfuko wa silikoni likipigwa mionzi, kovu linaloota kuuzunguka mfuko huo huweza kukaza, titi likawa gumu, likapanda juu na kuuma. Ndiyo maana mwenye uvimbe mkubwa, au ambaye saratani imeshafika kwenye tezi za kwapani, mara nyingine hushauriwa asubiri, au ajengewe kwa nyama ya mwili wake. Omba daktari wa upasuaji na wa mionzi walijadili faili lako pamoja kabla tarehe haijapangwa. Na kama unatoka mkoani na mionzi yako itakuwa kwenye hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, tafuta mapema pa kufikia. Kwa kawaida mionzi hupigwa siku 5 kwa wiki, wiki baada ya wiki.

Kisha uliza titi litajengwa kwa nini. Nyama ya tumboni hukatwa pamoja na mishipa yake midogo ya damu, ikaunganishwa kifuani kwa msaada wa darubini. Ni kazi ya saa nyingi, na si kila hospitali ina mtaalamu wake. Ya mgongoni huzungushwa hadi mbele bila kukatwa mshipa wake wa damu, ila mara nyingi haitoshi titi kubwa. Silikoni nayo si ya maisha, huenda siku moja ikabidi ibadilishwe. Na wengine huanza kwa mfuko unaojazwa maji ya chumvi kidogo kidogo mpaka ngozi itanuke, ndipo warudi kupasuliwa tena. Njia yoyote utakayochagua, titi jipya kwa kawaida huwa na ganzi. Hili halisemwi vya kutosha, na linauma sana ukiligundua mwenyewe nyumbani.

Bima ikupe jibu kwa maandishi, pamoja na upasuaji wa pili kama utakuwepo. Kujenga titi huweza kuhesabiwa urembo. Mimi nasema ni matibabu. Andaa pia ndugu wa kuchangia damu.

Mweleze daktari kila unachomeza: aspirini, tamoksifeni ya saratani ya titi, hata dawa za mitishamba ambazo wengi tunazificha. Zipo zinazoongeza kuvuja damu na zipo zinazoigandisha. Yeye ndiye aseme ipi isimame na lini. Sigara na ugoro viachwe angalau wiki 4 kabla, kwa sababu nikotini hubana mishipa midogo inayolisha titi jipya. Mwenye kisukari aidhibiti sukari kwanza.

Nyumbani ndiko kwenye shughuli. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, nawe kwa wiki kadhaa hutaruhusiwa kunyanyua hata robo yake. Hakuna kuchota maji, kufua, kukuna nazi wala kumbeba mtoto kwa mbeleko. Msiishie kwenye "tutasaidiana". Kila kazi ipewe mtu wake na siku zake. Aliyetolewa nyama tumboni hutembea ameinama siku za mwanzo, kwa hiyo choo cha kuchuchumaa kitamtesa. Azima kiti chenye tundu. Nguo ziwe za vifungo mbele, maana dera la kupitishia kichwani litakushinda, na kanga usiifunge kifuani. Sijda ikiwa ngumu, swali umekaa.

Utarudi na mirija ya kutoa majimaji, kila mmoja na kichupa chake. Atakayekuuguza afundishwe na muuguzi kabla hamjatoka wodini namna ya kumwaga na kuandika kipimo kwenye daftari kila siku, kwa kuwa daktari huangalia kiasi hicho kabla ya kuitoa. Wekeni namba ya wodi na ya dereva anayekubali kuja usiku. Homa, wekundu, uvimbe wa ghafla au titi kubadilika rangi, msingoje kukuche.

Kabla ya siku yenyewe toa rangi ya kucha, na piko usipake, maana huweza kukizuia kile kifaa cha kidoleni kusoma oksijeni vizuri. Usinyoe kwapa mwenyewe. Asubuhi, ukiwa umesimama, daktari atakuchora kifuani kwa kalamu pale atakapopasua. Swali lililobaki liulize hapo hapo, hata kama ni la kufanana.