Kutafuta petroli baada ya kimbunga

Kimbunga Sandy kilipopiga jimbo la New Jersey, Marekani, mwaka 2012, vituo vingi vilikuwa na petroli chini ya ardhi ila umeme wa kuendesha pampu haukuwepo. Kwa hiyo kabla ya kupanga foleni, uliza: kituo kina jenereta? Mtandao ukikatika kadi hazisomi, beba fedha taslimu.

Jaza tangi siku tatu nne kabla ya kimbunga, kisha usirudi pampuni mpaka lishuke chini ya nusu. Wanaoongezea lita tano tano ndio wanaorefusha foleni. Zamu zikitangazwa, kama wakati wa Sandy, namba ya gari inayoishia na tarakimu shufwa hujaza tarehe shufwa. Witiri, tarehe witiri.

Akiba iwe kwenye dumu jekundu la petroli la galoni 5 (karibu lita 19). Dumu la maji hapana, petroli huilainisha plastiki yake na mvuke ukavuja. Lijaze likiwa chini kwenye sakafu, kamwe si ndani ya buti: zulia huzuia umeme tuli usishuke ardhini, na cheche moja inatosha. Usilijaze pomoni, petroli hutanuka kwa joto.

Jenereta ikae nje, angalau mita 6 kutoka milango na madirisha. Izime, ipoe, ndipo uongeze mafuta.

Gari likianza kukohoa mara tu baada ya kujaza, shuku maji ya mafuriko yaliyoingia kwenye matangi ya kituo. Zima injini, tunza risiti, mwite fundi aondoe petroli yote iliyo kwenye tangi.