Kompyuta imeshikwa na virusi? Fuata hatua hizi kabla ya kufomati

Kompyuta ikianza kufungua matangazo yenyewe, au mafaili kwenye flashi yakigeuka njia za mkato (shortcut), wengi wetu hapa Uganda tunampelekea fundi na fundi anafomati. Picha za harusi zinapotea, hesabu za duka zinapotea. Kisha inawekwa Windows isiyo na leseni pamoja na kale kaprogramu ka kuifungua, na hako ni mbebaji mkubwa wa virusi. Umelipa, na umerudi nyumbani na ugonjwa mwingine. Kazi hii nyingi unaiweza mwenyewe ukishika mpangilio.

Hatua ya 1: Kata intaneti. Zima Wi-Fi, chomoa modemu, zima hotspoti ya simu. Usifungue benki wala barua pepe kwenye mashine hiyo.

Hatua ya 2: Badilisha maneno ya siri ukitumia kifaa kingine. Hatua hii watu huiruka, nami naiona ndiyo kubwa kuliko zote. Virusi vya siku hizi havina haja ya kuharibu mashine. Vinachota maneno ya siri yaliyohifadhiwa kwenye brauza na kuondoka nayo. Kimoja kinaitwa RedLine. Polisi wa Uholanzi wakishirikiana na nchi nyingine walivamia mitambo yake Oktoba 2024, lakini aina yake ni nyingi.

Anza na barua pepe, maana anayeishika anaweza kuomba maneno mapya ya siri ya akaunti zako nyingine. Kubadilisha peke yake hakutoshi. Virusi hivi huiba pia kuki, yaani alama inayoiambia tovuti kwamba ulishaingia, na mwizi akiwa nayo hahitaji neno la siri. Kwa hiyo nenda kwenye mipangilio ya akaunti na uondoe vifaa vyote vilivyoingia. Kwenye WhatsApp fungua "Linked devices" ufute usivyovitambua. Kama PIN ya Mobile Money uliiandika kwenye faili ndani ya kompyuta, ibadilishe leo hii.

Hatua ya 3: Nakili kazi zako. Hati, picha na hesabu peke yake, kwenye diski ya nje. Faili linaloishia na .exe, .scr, .vbs au .lnk liache lilipo.

Hatua ya 4: Safisha. Rudisha intaneti kwa muda mfupi, sasisha Microsoft Defender, kinga ya virusi inayokuja na Windows, kisha fungua "Virus & threat protection", halafu "Scan options", uchague Microsoft Defender ya "Offline". Kompyuta itajizima na kukagua kabla Windows haijaamka, kwa hiyo kirusi kinakutwa kimelala. Huchukua kama dakika 15. Hakikisha betri imejaa, umeme usije ukakatika katikati.

Defender ikikataa kufunguka, kuna kitu kinaizuia. Pakua Microsoft Safety Scanner kwenye kompyuta nyingine uilete kwa flashi. Ni ya bure na hufanya kazi siku 10 tu tangu kupakuliwa, basi usitumie ile ya mwaka jana uliyopewa na rafiki.

Hatua ya 5: Brauza. Futa viongezi (extensions), yaani programu ndogo zilizopachikwa kwenye brauza, usivyovijua, na uzime ruhusa za arifa kwa tovuti usizozitambua. Matangazo mengi ya pembeni huisha hapo.

Hatua ya 6: Flashi. Tangu Windows 7, flashi haiwashi programu yenyewe ikichomekwa. Ndiyo maana wenye virusi walibuni hila hii: wanaficha folda yako halisi na kuweka njia ya mkato yenye jina lilelile. Ukiibofya, kazi yako inafunguka kama kawaida na kirusi kinaamka pamoja nayo. Usibofye chochote. Fungua "cmd", dirisha la Windows la kuandika amri, na kama herufi ya flashi ni E, andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Folda zilizofichwa zitaonekana. Mara nyingine kazi yote imewekwa ndani ya folda isiyo na jina. Ifungue utoe vyako, kisha ufute njia zote za mkato na faili la .vbs.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mafaili yote ya ofisi yamefungwa, wanataka Bitcoin. Nilipe?* (Mbale)

Usilipe, ndugu yangu. Kulipa hakukuhakikishii funguo. Ingia kwenye tovuti ya No More Ransom, mradi ulioanzishwa mwaka 2016 na Europol, polisi wa Uholanzi na kampuni za usalama. Unapakia mfano wa mafaili yaliyofungwa pamoja na ujumbe wa madai, nao wanakuonyesha kama kuna funguo ya bure. Isipokuwepo, tunza mafaili hayo. Funguo nyingine hutolewa baadaye.

*Skrini imejaa onyo la Microsoft na namba ya kupiga. Nipige?* (Arua)

Hapana, dada. Maonyo halisi ya Microsoft hayawekwi namba ya simu. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager itafunguka; chagua brauza uifunge kwa "End task".

*Duka langu linatumia Windows 7. Hatua hizi zinatosha?* (Jinja)

Kwa muda tu, mzee. Msaada wa Microsoft kwa Windows 7 uliisha 14 Januari 2020, na wa Windows 10 uliisha 14 Oktoba 2025. Kama kazi ni kuandika na kuchapisha, Linux Mint, mfumo unaowekwa badala ya Windows, ni ya bure na huenda kwenye mashine nyingi za zamani.

*Nimesafisha flashi, lakini nikitoka kuchapisha Wandegeya imeshikwa tena.* (Makerere)

Basi mgonjwa ni kompyuta ya pale dukani. Mwonyeshe mwenye duka hatua ya 4. Wakati huo tuma kazi yako kwa barua pepe ikiwa PDF, uifungue kwa simu yako na kuisambaza kwa barua pepe ya duka, bila kuingiza neno lako la siri kwenye mashine yao.