Riba ya TRA kwa fremu za Ngamiani: anza na tarehe

Wewe uko Leicester au Muscat, fremu zako za biashara ziko Ngamiani, Tanga, na anayekupokelea barua ni shangazi. Barua ya TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) inayokudai kodi na riba ya kuchelewa kuilipa ikikufikia kwa WhatsApp, usikimbilie jumla ya deni. Mwombe shangazi apige picha ukurasa wa kwanza, tarehe ionekane, na akwambie ilimfika mkononi lini. Pingamizi kwa Kamishna Mkuu lina siku 30 tangu kupokea uamuzi. Ukiona hazitoshi, omba kwa maandishi kuongezewa muda kabla hazijaisha. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inakubali kuwa nje ya nchi kama sababu.

Wengi huandika "biashara ngumu, naomba mnifikirie". Hilo si pingamizi, ni ombi la msamaha wa riba, na lina barua yake. Riba inajumlishwa kila mwezi juu ya riba, basi kinachoiangusha ni kuonyesha kwamba kodi yenyewe haikudaiwa kihalali au ililipwa mapema kuliko wanavyodai.

Kwenye fremu, chimba kodi ya zuio, yaani ile mpangaji anayoikata kwenye pango na kuipeleka TRA. Mpangaji ambaye ni kampuni hukata 10% mwenye nyumba akiwa mkaazi, 15% akiwa si mkaazi, na kuiwasilisha ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Mdai mpangaji vyeti vya zuio, cha kila malipo. Kama unadaiwa ile tofauti ya 5%, fungua pasipoti: mwenye makazi ya kudumu Tanzania aliyekuwepo nchini hata sehemu ya mwaka huhesabiwa mkaazi mwaka huo. Wiki mbili za Idd nyumbani kwako Chumbageni zinaweza kubadili hesabu yote. (Fremu uliyopangisha si makazi, usijidanganye.)

Pingamizi la makadirio (kodi ambayo TRA imekukadiria) halipokelewi bure. Unalipa kwanza kiasi usichobishania au theluthi ya kodi iliyokadiriwa, kilicho kikubwa. Kodi ikiwa 2,400,000 nawe unakubali 500,000, utalipa 800,000. Ukiwa na sababu nzuri, omba kwa barua kipunguzwe.

Mpe shangazi, au afadhali mshauri wa kodi aliyesajiliwa, hati ya uwakilishi. Malipo yapite kwa namba ya kumbukumbu ya malipo iliyotolewa kwa jina lako tu. "Kijana wa pale ofisini" asipewe hata senti.