Kuchagua wa Kuokoa katika The Walking Dead

Ukicheza gemu hili la mazombi la kampuni ya Telltale la mwaka 2012, lenye sehemu 5, kwenye kibanda cha gemu Sinza ambako kila aliye nyuma yako ana ushauri wake, anza kwa kufungua nafasi yako ya kuhifadhi mchezo, usije ukaharibu maamuzi ya mwenzako. Kati ya Carley na Doug, wenzako wawili ambao utaweza kumwokoa mmoja tu, mwokoe unayependa kuzungumza naye, kwani yeyote atakayebaki atapigwa risasi na Lilly, mwenzenu katika kundi, katika sehemu ya 3. Mhusika akikuuliza swali, kunyamaza nako huhesabiwa kuwa jibu. Ben, kijana wa kundi lenu, hata ukimvuta juu anaponing'inia kwenye mnara wa kengele, atakufa katika sehemu ya 5. Mvute tu, maana katika sehemu hiyo ya 5 ndipo anapomjibu kiume Kenny, mwenzenu mwingine.