Kufuga samaki wa madimbwi ya Pwani kwenye tangi la nyumbani

Wengi Dar es Salaam wakitaka kufuga samaki wa kwetu huanza na perege au kambale. Ni kuwaonea samaki. Perege wa Rufiji na Wami anaweza kupita sentimita 40, tena hung'oa mimea na kufukua mchanga. Kambale huingia akiwa mdogo kama kidole, kisha anaanza kumeza wenzake. Hao waachiwe bwawa.

Wa sebuleni ni Nothobranchius melanospilus, samaki wa madimbwi ya mvua ya ukanda wa Pwani, ambaye kwa kawaida hazidi sana sentimita 6. Dume ana magamba ya samawati yenye kingo nyekundu na mkia mwekundu. Jike ni wa kijivu mwenye madoadoa meusi. Kiangazi dimbwi hukauka na samaki wote hufa, mayai yanabaki hai ndani ya tope hadi mvua nyingine. Hata kwenye tangi haishi sana zaidi ya mwaka, kwa hiyo kumfuga ni pamoja na kujua kutunza mayai yake.

Tangi la sentimita 60 kwa 30, kimo 35, hubeba kama lita 55 likijazwa pungufu kidogo. Linatosha madume 2 na majike 5. Usiweke dume mmoja na jike mmoja, atamkimbiza bila kumpumzisha mpaka mapezi yachanike. Fundi atumie kioo cha milimita 6 na gundi ya silikoni isiyo na dawa ya ukungu, maana dawa hiyo huua samaki. Acha ikauke siku 3, kisha lijaze na uliache saa 24 sakafuni uone kama linavuja. Likiwa na maji na mchanga linapita kilo 70, kwa hiyo meza ya plastiki haifai. Funika kwa wavu mzito pande zote: samaki hawa huruka, hata kwenye upenyo wa waya wa pampu.

Hita haihitajiki hapa mjini. Shida yetu ni joto. Miezi ya Januari hadi Machi maji ya ndani ya nyumba hufika nyuzi 30, na maji yakipata joto hushika oksijeni kidogo. Weka tangi mbali na dirisha la jua, na feni ndogo ipulize juu ya maji. Yanavyovukizwa hupoa nyuzi 2 hivi.

Maji ndiyo kazi yenyewe. Maji ya bomba ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, yanayotoka Ruvu yana klorini, nayo huunguza matamvua (viungo vya samaki vya kupumulia) na kuua bakteria wa chujio. Yakinge kwenye ndoo wazi, yaache saa 24 ukiwa na pampu ya hewa ndani yake, au saa 48 bila pampu. Maji ya kisima yaonje kwanza: yakiwa na chumvi ya wazi kinywani, changanya nusu kwa nusu na ya mvua.

Baada ya hapo usikimbilie samaki. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria huigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu pia, kisha kuwa nitrati isiyo na madhara makubwa. Bakteria hao huhitaji wiki 3 hadi 6 kujijenga kwenye sponji. Washa chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ya hewa na utupie chembe za chakula kila siku, tangi likiwa halina samaki. Ukipata kipande cha sponji kutoka tangi lililokomaa, muda unapungua sana. Usilifue sponji kwa maji ya bomba. Likamue ndani ya maji uliyotoa kwenye tangi. Umeme ukikatika kwa saa nyingi bakteria nao hukosa hewa na kufa, hivyo pampu ya betri inafaa iwepo kabla ya samaki.

Kila wiki badilisha robo ya maji, yaani kama lita 14. Ukiona samaki wanahema juu ya maji na matamvua yamekuwa mekundu, badilisha theluthi papo hapo na usiwalishe siku 2.

Chakula chao ni kiumbe hai kinachotikisika. Wengi hawagusi chakula kikavu mwanzoni. Bora kabisa ni viluwiluwi vya mbu, lakini hapa pana wajibu. Dar imepata milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019, na mbu wa dengi huzaliana kwenye vyombo vya majumbani. Weka beseni la lita 10 lenye maji na konzi ya nyasi kavu kivulini. Ukiona mayai yakielea kama masizi, funika kwa chandarua siku hiyo hiyo. Vuna siku ya 4 au ya 5 kwa chujio la chai, suuza, na siku ya 6 mwaga maji yote kwenye ardhi kavu. Kama huna hakika utakuwepo siku hiyo, usianzishe beseni. Viluwiluwi vya kwenye mitaro usivichote, vimebeba oili na dawa.

Mbadala ni nyungunyungu waliokatwakatwa kwa wembe, au kamba aliyemenywa na kukwanguliwa angali na barafu. Lisha mara 2 kwa siku, kiasi cha kuisha ndani ya dakika 2. Mkate na ugali ni marufuku, huchacha na kuchafua maji.

Ugonjwa wao mkubwa ni vumbi la dhahabu mwilini, linaloonekana ukimulika kwa tochi ya simu kutoka ubavuni. Kulizuia, tia gramu 5 za chumvi ya mawe kwa kila lita 10, na kila ukibadilisha maji urudishe chumvi ya maji mapya tu.

Kwa mayai, chemsha unga wa makumbi ya nazi dakika 30, suuza mpaka maji yaache kuwa ya kahawia, na uweke sentimita 3 ndani ya kopo la plastiki kwenye sakafu ya tangi. Wenyewe watazama humo kutaga. Kila wiki toa, kamua kwenye kitambaa hadi ubaki unyevu usiodondoka, funga kwenye mfuko, andika tarehe na uuweke kabatini. Miezi 3 ikipita, anza kuchungulia yai kwa lenzi: macho yenye duara la dhahabu yakionekana, liko tayari. Mwagia maji ya nyuzi 20, kina cha sentimita 5. Vifaranga hutoka ndani ya saa chache na wanahitaji viluwiluwi wachanga kabisa au artemia (kamba wadogo sana wa maji ya chumvi) siku hiyo hiyo. Si mayai yote huanguliwa mara moja; makumbi yale yakaushe tena kama mwanzo, yapumzike mwezi, uyamwagie kwa mara ya pili.